Mteja akisema "siti inaniumiza", usikimbilie kumuuzia mto



Leo tuongelee bidhaa ambayo wengi tunaiposti bila kuielewa vizuri: mito ya siti za gari, kava, na sponji za kutengenezea siti. Ukiweka picha kwenye stetasi, ndani ya saa moja mtu anauliza bei. Tatizo huwa linaanza baada ya kuuza.

Mimi niko Ikungi, Singida, nauza dukani na mtandaoni. Hapa tuko kwenye barabara kuu, ile inayotoka Dar kupita Dodoma na Manyoni, inaingia Singida mjini, halafu inaendelea Nzega kuelekea Rwanda na Burundi. Kwa hiyo wateja wangu wengi ni watu wanaoishi juu ya siti. Kuna madereva wa malori, madereva wa Noah za abiria, walimu na manesi wenye IST na Vitz, na wakulima wanaopeleka alizeti na vitunguu mjini. Wote wanakuja na sentensi moja: "Hii siti inaniumiza."

Sasa nikwambie ukweli. Sentensi ni moja lakini magonjwa ni manne tofauti, na dawa ya moja haitibu jingine. Ukimuuzia mto mtu ambaye springi ya siti yake imekatika, mto utarudi. Au hautarudi, ila jina lako litazunguka kijiweni, na hiyo ndo mbaya zaidi.

Kwa nini ujisumbue kuelewa? Angalia hesabu

Huu ni mfano tu, weka namba zako mwenyewe. Mto umeununua 14,000, kuufikisha dukani umekula 1,000, unauza 22,000. Faida yako 7,000. Mteja yuko Manyoni, kifurushi kimeenda na basi kwa 3,000 ambayo kalipa yeye.

Mto haujamsaidia, anataka kubadilisha. Nauli ya kurudisha 3,000, nauli ya kutuma mwingine 3,000, makato ya kutuma na kutoa hela 1,000. Faida yote imeisha, na bado una mto uliokaliwa ambao huwezi kuuza kama mpya.

Maswali matano kwenye meseji yangezuia hayo yote, na meseji ni bure.

Magonjwa manne ya siti

1. Siti ni nzima ila imepangwa vibaya. Hii ndo kesi ninayokutana nayo zaidi kwa wenye gari dogo. Gari kalinunua kwa mtu mwingine, siti ikabaki kama mwenye gari wa kwanza alivyoipanga. Mtu mrefu anaendesha magoti yakiwa karibu na usukani, mtu mfupi ananyoosha mguu mpaka kidole cha mwisho kufikia klachi. Hapo mgongo lazima uume, hata siti ikiwa mpya.

2. Siti imechoka ndani. Gari nyingi tunazotumia ni mtumba kutoka Japani, zimekaliwa miaka mingi kabla hazijafika kwetu. Sponji inakuwa imekufa, imelala upande mmoja, hasa upande wa mlango ambako dereva anaingilia na kushukia. Springi za chini zinalegea au kukatika, na mengine unayasikia kabisa yanakuchoma. Dereva anakaa ameinama upande bila kujijua, jioni kiuno kinawaka.

3. Joto na jasho. Siti haijabonyea, imepangwa vizuri, ila kava ni la leza ya bandia na gari limepaki juani. Mtu anakaa kwenye maji yake mwenyewe. Analalamika "siti mbaya" kumbe anamaanisha ngozi inawasha, nguo inanata, anajigeuzageuza njia nzima. Kwetu huku jua na vumbi havina likizo, hii kesi ni ya kila siku.

4. Tatizo haliko kwenye siti. Shokapu zimekufa, au tairi zimejazwa upepo kupita kiasi, kila tuta linapanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Au safari yenyewe ni ndefu na mtu hashuki. Au kuna ugonjwa wa mgongo ambao ulikuwepo kabla ya gari. Hapa hakuna mto wowote wa dukani kwako utakaomaliza kazi.

Maswali matano ya kumuuliza mteja kabla hujataja bei

Nimeyaandika kwenye simu, nakopi na kupesti, nabadilisha salamu tu kulingana na mtu.

Moja: Gari gani, na ni la dereva au la abiria?
Mbili: Inauma wapi hasa? Kiuno, makalio, mapaja, shingo au mabega?
Tatu: Inaanza muda gani? Ukikaa tu, baada ya saa moja, au ukiingia barabara ya vumbi?
Nne: Ukipitisha mkono juu ya siti, kuna shimo, upande umelala, au chuma unakisikia?
Tano: Siti umeshawahi kuisogeza na kuipanga upya tangu ununue gari?

Majibu yanakuelekeza yenyewe. Inauma ukikaa tu na kuna shimo: sponji au springi. Inaanza baada ya saa moja, siti haina shimo: angalia mpangilio na kiuno kukosa cha kuegemea. Inaanza barabara ya vumbi tu, lami hakuna shida: mpeleke akaangalie shokapu. Shingo na mabega: mara nyingi yuko mbali mno na usukani, au siti imelazwa sana.

Mazungumzo yanakuwa hivi:

"Kaka habari, ule mto wa siti bado upo?"
"Salama kaka, upo. Kabla sijakutumia naomba nikuulize kidogo ili upate unaokufaa. Gari gani, na inauma wapi?"
"Noah, kiuno. Nikifika Singida siwezi kunyooka."
"Pole sana. Ukipitisha mkono kwenye siti, upande wa mlango umelala?"
"Umelala sana, kama bakuli."
"Basi kaka mto pekee utazama humohumo kwenye bakuli. Wewe unahitaji sponji ibadilishwe. Sponji ninayo, fundi unaye?"

Nimeuza sponji badala ya mto, na yule mtu kesho anamleta dereva mwenzake. Akiwa mtu mzima, mfano mwalimu wako wa zamani, anza na "Shikamoo mwalimu", subiri marahaba, halafu uliza taratibu. Mtu mzima akirushiwa maswali kama mahojiano ya polisi anakasirika.

Anza na vya bure

Najua utaniuliza, sasa nikimpa mteja dawa ya bure nitauza nini? Uza uaminifu kwanza. Mtu aliyepona kwa ushauri wako wa bure atarudi kununua kava, atarudi kununua kapeti la gari, na hatauliza bei kwa mtu mwingine.

Mtumie hatua hizi. Gari liwe limesimama, sio anapanga siti akiwa anaendesha.

Kwanza, toa pochi na simu mfuko wa nyuma. Pochi nene inanyanyua kalio moja, nyonga zinakaa mshazari, na inaweza kubana mshipa unaoshuka mguuni. Kuna watu tatizo lao lote linaishia hapa.

Pili, sukuma makalio mpaka yaguse mgongo wa siti kabisa. Ukiacha nafasi pale nyuma, kiuno kinaning'inia.

Tatu, umbali. Kanyaga klachi mpaka mwisho, kwa gari la otomatiki kanyaga breki. Goti libaki limekunja kidogo. Likinyooka kabisa, sogea mbele.

Nne, mgongo wa siti. Usiwe wima kama benchi la kanisani, usilale kama kitanda. Ulaze kidogo tu kupita wima, kama nyuzi 100 hadi 110. Kipimo rahisi: mabega yakiwa yameegemea siti, nyoosha mkono, kifundo cha mkono kifike juu ya usukani bila bega kubanduka.

Tano, kifua kiwe mbali na katikati ya usukani angalau sentimita 25. Eabegi, ule mfuko wa hewa wa kwenye usukani, unafumuka kwa nguvu sana ajali ikitokea. Ukiwa umeukumbatia usukani, unakuumiza wenyewe.

Sita, kama siti inapanda na kushuka, nyonga ziwe sawa na magoti au juu yake kidogo, na barabara uione vizuri. Kati ya ukingo wa siti na nyuma ya goti zipite vidole viwili au vitatu. Ukingo ukibana nyuma ya goti, miguu inakufa ganzi.

Saba, kiegemeo cha kichwa. Juu yake paende sawa na juu ya kichwa. Wengi wanakiacha chini shingoni. Gari likigongwa kwa nyuma, kichwa kinapinda kupita juu yake.

Halafu jaribio la taulo. Akunje taulo la kuogea liwe kama mkate mrefu, aliweke kwenye mbonyeo wa kiuno, aendeshe siku mbili. Akipata nafuu, ndo sasa unajua mto wa mgongo utamfaa, na unamuuzia bila wasiwasi. Asipopata nafuu, umeokoa mto wako na hela yake.

Na la mwisho la bure ni kushuka. Kila baada ya saa mbili hivi, ashuke anyooshe miguu dakika kumi. Kutoka hapa Ikungi mpaka Dodoma ni takribani kilomita 200. Ukipaki Manyoni ukatembea kidogo, mgongo unakushukuru. Binadamu hakuumbwa kukaa namna moja nusu siku, hata siti iwe ya milioni ngapi.

Bidhaa moja moja: inafaa nani, haifai nani

Mto wa mgongo. Unamfaa mwenye siti nzima ambayo haina mbonyeo wa kuegemeza kiuno. Chagua mwembamba. Ule mnene unamsukuma dereva mbele, anakaribia usukani na mapaja yanakosa pa kukaa. Uwe na mkanda wa kufunga kwenye siti ili usishuke makalioni.

Mto wa kukalia. Unamfaa mwenye siti ngumu au sponji iliyochoka kidogo, na mtu mfupi anayehitaji kunyanyuka aone barabara. Haumfai mtu mrefu, kichwa kitagusa paa. Haumfai mwenye siti iliyobonyea kama bakuli. Mwambie ukweli huu: mto laini sana haumaanishi raha. Unakaa vizuri dukani dakika tano, ukifika kwenye matuta unakuwa kama unarushwa, na baada ya saa moja umeshazama mpaka unakalia chuma. Mto mzuri unakataa kidogo ukiubonyeza.

Mto wenye tundu nyuma. Ule uliokatwa kama herufi U upande wa nyuma. Unapunguza kubanwa pale kwenye kifupa cha mwisho wa uti wa mgongo. Ukimsikia mteja anasema "panauma katikati kabisa nikikaa", huu ndo wa kumwonyesha.

Kava la shanga za mbao. Wazee wa teksi wanalijua hili. Linapitisha hewa kati ya mwili na siti, kwa joto la mchana ni zuri. Halitengenezi siti iliyobonyea. Na uzi ukikatika shanga zinamwagika chini, zinaweza kuingia chini ya pedali, kwa hiyo mwambie alikague mara kwa mara.

Kava la kitambaa na la neti. La neti linapumua, linafaa joto. Kitambaa cha manyoya kinapendeza kwenye picha ila kinakamata vumbi letu hili na kinatunza joto. Leza ya bandia inafutika kwa tambaa tu, ndo maana wenye Noah za abiria wanaipenda, lakini juani inachoma na baada ya muda inapasuka. Uliza kwanza gari linapakiwa wapi na linabeba nani. Na kama ni leza ya bandia, andika "leza ya bandia". Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa inataka kitu kilingane na maelezo uliyouzia. Hata bila sheria, mteja akigundua mwenyewe ameshaondoka.

Kubadilisha sponji na kushona siti. Hii ndo dawa ya ugonjwa namba mbili. Fundi anafungua siti, anakagua springi na fremu, anarekebisha iliyokatika, anaweka sponji mpya, anashona kava juu. Gharama iko juu kuliko mto, ila kwa dereva wa kila siku inalipa. Tafuta fundi mmoja unayemwamini, elewaneni, wewe unauza sponji na kitambaa, yeye anapata kazi. Kitu cha kumwambia: asijaze sponji nene kupita ya mwanzo. Dereva akinyanyuka sana, mkanda, kioo na kiegemeo cha kichwa vyote vinakuwa haviko sawa naye.

Siti nzima ya mtumba. Siti iliyotolewa kwenye gari jingine la aina hiyohiyo. Ni nzuri kama fremu imepinda. Lazima matundu ya bolti na reli yalingane na gari. Siti ya kuchomelea kwa kubahatisha usiiuze wala usimwelekeze mtu. Ajali ikitokea, siti inang'oka na mtu wake.

Siti za malori. Malori mengi makubwa yana siti ya upepo. Dereva akisema siti imeshuka haipandi, au inagonga chini kwenye kila shimo, hapo kuna upepo unavuja au shokapu ya siti imekufa. Mwambie aende kwa fundi. Na nyingine zina mahali pa kurekebisha kulingana na uzito wa dereva, wengi hawajawahi hata kupagusa.

Kagua sponji kwa mzani wako wa dukani

Hii ni ya kwako muuzaji. Sponji mbili zinaweza kufanana rangi na unene, moja ikadumu miaka, nyingine ikalala ndani ya mwezi. Tofauti kubwa ni uzito wa sponji kwa ukubwa wake. Inahesabiwa kwa kilo kwa mita moja ya ujazo.

Huna haja ya mashine. Chukua kipande cha sentimita 40 kwa 40, unene 5. Weka kwenye mzani:

Gramu 160 ni sawa na kilo 20 kwa mita ya ujazo.
Gramu 240 ni sawa na kilo 30.
Gramu 320 ni sawa na kilo 40.

Kwa kitu cha kukaliwa kila siku, mimi siteremki chini ya 30. Ile ya 20 naiacha kwa mito ya kupambia sofa.

Kama kipande chako kina vipimo vingine, zidisha urefu, upana na unene kwa sentimita, halafu chukua gramu, gawa kwa jibu hilo, zidisha kwa 1,000. Umepata.

Ila uzito peke yake unaweza kukudanganya, maana kuna sponji zinazoongezwa unga wa chokaa ili ziwe nzito. Kwa hiyo ongeza jaribio la pili. Bonyeza kwa kidole gumba mpaka chini, achia. Sponji nzuri inarudi yote. Ikibaki na alama ya kidole, au ukiisugua inamwaga unga, iache hapohapo. Isipokuwa ile inayoitwa memori, yenyewe huwa inarudi polepole kwa asili yake.

Na usianike sponji juani ili "ikauke vizuri". Jua linaila, inageuka njano na kuvunjikavunjika. Kivulini penye upepo ndo mahali pake, dukani kwako na kwa mteja.

Mambo ya usalama ambayo hayana mjadala

Eabegi za pembeni. Gari nyingine zina eabegi ndani ya siti yenyewe, kwenye ubavu wa mgongo wa siti upande wa mlango. Utaona kijitambulisho kimeandikwa SRS AIRBAG. Kava la kawaida likifunika pale, eabegi inaweza kushindwa kutoka inavyotakiwa. Mwombe mteja picha ya ubavu wa siti. Ukiona hayo maandishi, muuzie kava lililoachwa wazi sehemu hiyo au lililotengenezwa kwa siti za aina hiyo. Huna? Usimuuzie. Na fundi asishone chochote pale juu.

Mkanda. Baada ya kuweka mto au kava, mkanda lazima ufungike bila kushindana, upite juu ya nyonga na katikati ya bega. Ukiishia tumboni, mto ni mnene mno.

Kuteleza. Mto wa kukalia uwe na chini inayoshika au kamba za kufunga. Dereva akikanyaga breki ya ghafla na mto ukaenda mbele, hiyo ni hatari. Hata taulo, alibane vizuri.

Watoto. Usiuze mto wa kawaida kama siti ya mtoto. Siti ya mtoto ni kifaa tofauti kabisa, na mto laini unamfanya mtoto achomoke chini ya mkanda.

Usiuze dawa

Nikiona posti imeandikwa "mto huu unatibu mgongo na nyonga" nafumba macho. Mto unapunguza usumbufu wa kukaa. Hautibu. Mteja akikwambia maumivu yanashuka mguuni, mguu una ganzi au hauna nguvu, au hata akishuka kwenye gari na kulala maumivu yapo palepale, mwambie aende hospitali. Akikwambia pia anashindwa kuzuia haja au sehemu za siri zimekufa ganzi, aende siku hiyohiyo, asisubiri. Hiyo siku usiuze kitu. Andika tu: "Kaka, hili sio la mto, nenda kwanza hospitali, mto utaukuta." Utashangaa ni wangapi wanarudi kushukuru.

Namna ya kupokea oda isikurudie

Kwa kava, jina la gari pekee halitoshi. Noah kwa mfano, kuna ya watu 7 na ya watu 8. Ya 7 kwa kawaida mstari wa kati una viti viwili vinavyojitegemea, ya 8 ina siti ndefu ya watu watatu. Ukituma seti isiyo yenyewe, imekula kwako.

Omba vitu hivi kabla ya kupokea hela:

Picha ya siti ya mbele kwa mbele, na picha ya ubavu wake.
Picha ya siti za nyuma zote.
Kiegemeo cha kichwa kinachomoka au kimeungana na siti?
Siti ya nyuma inakunjwa yote kwa pamoja au kwa vipande?
Upana wa sehemu ya kukalia, kina chake kutoka mgongoni mpaka ukingoni, na urefu wa mgongo, vyote kwa sentimita.

Kwa mto omba pia urefu wa dereva, hata kwa kukadiria, na nafasi iliyobaki kati ya kichwa na paa. Kama haipiti ngumi moja, usimuuzie mto wa kumnyanyua.

Kwenye tangazo lako weka vipimo, unene, aina ya kitambaa, na mstari mmoja wa "haifai kwa". Mfano: "Haifai kwa siti iliyobonyea, wala siti yenye eabegi ubavuni." Wengine wanaogopa mstari huu, wanaona unafukuza wateja. Unafukuza wale ambao wangerudisha, basi.

Na weka masharti ya kubadilisha mapema: siku ngapi, nani analipa nauli, na hali ambayo bidhaa irudi nayo. Kava halijavalishwa, mto uko kwenye nailoni yake. Andika kabla ya kupokea malipo, sio baada ya ugomvi. Siku tatu baada ya mteja kupokea, mtumie meseji: "Vipi kaka, kiuno kinaendeleaje?" Jibu lake likiwa zuri, omba ruhusa uliposti. Hilo ni tangazo ambalo hujalilipia.

Kwa kifupi

Uliza kwanza. Anza na vya bure. Jaribu taulo. Pima sponji. Kagua eabegi. Halafu ndo utaje bei.

Watu wanaonunua mito na kava ni watu wanaotafuta riziki wakiwa wamekaa, na kiuno chao ndo mtaji wao. Ukikiheshimu, watakuheshimu na wewe, na huku kwetu kwenye miji midogo habari nzuri inasafiri na kila basi linalopita.

Kama unauza bidhaa hizi na kuna kesi ya siti imekushinda, weka kwenye komenti: aina ya gari, inauma wapi, inaanza muda gani. Tutajibiana hapo chini na wengine wajifunze. Sevu hii posti, na mtumie mwenzako anayeuza vitu vya magari. Biashara njema.